Mpinzani aweza kuwa rafiki?

SWALI: Shikamoo ami. Nacheza mieleka hapa Malindi, nimepata nafasi ya mazoezi Uturuki. Nitapataje marafiki ilhali kila mtu huko ni mpinzani? – Kijana wa Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na huyo huyo mpinzani! Wacheza mieleka wa Kırkpınar, mashindano ya mieleka kule Edirne, Uturuki, hupakana mafuta ya zeituni kabla ya kushikana. Nilipofanya mazoezi nao, mwenzangu alinipaka mgongoni, akanikazia suruali ya ngozi, kisha akanibwaga. Jioni tulikula sahani moja. Mpaka leo hunipigia simu kila Idi, amuulizie mamangu. Lugha isikutishe. Jua salamu zao, na mazoezi yakiisha usikimbilie chumbani na simu yako. Kaa unywe chai nao.