Anakoroma na kukata pumzi usiku: asikatwe kitu kabla hajapimwa usingizi, mimi nilikatwa kwanza

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Mzee wako ana miaka 45, anakoroma mpaka watoto wamehamia sebuleni, usiku pumzi inakata halafu anashtuka kama mtu ametolewa majini, mchana anasinzia akiongea na wateja, na sasa kuna kliniki imemwambia atangulize dipositi ya 20,000 wiki ijayo achomwe koo na leza mambo yaishe. Unauliza afanyiwe ama asifanyiwe. Mimi nasema asifanyiwe, bado. Si ati upasuaji ni mbaya, mimi nimepasuliwa mara mbili, ya kwanza ilikuwa hela za kutupa na ya pili ndiyo inanifanya niandike hapa saa hii macho makavu, na kilichotofautisha hizo mbili ni kipimo cha usiku mmoja ambacho mara ya kwanza hakuna aliyejisumbua kunifanyia.

Mimi ni dereva wa lori la kusambaza bidhaa, tunatokea Industrial Area, Nairobi. Wakati huo nilikuwa na miaka 36, kilo 64, yaani mtu mkavu, na hapo ndipo kila daktari alikuwa anapotea manake wanajua huu ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, sleep apnea, ni wa watu wenye mashavu na tumbo. Nilikuwa nameza dawa mbili za presha na haishuki. Naamka kukojoa mara nne. Asubuhi kichwa kizito kama nimekesha na pombe na pombe sigusi. Siku moja Mombasa Road kwenye jam nilipitiwa na usingizi mguu ukiwa kwa breki, niliamshwa na honi za watu nyuma yangu, gari zilizokuwa mbele zilishaenda kitambo, na huyo turnboy wangu naye amelala fofofo, yeye hana ugonjwa wowote ni uvivu tu.

2017 nikaenda mahali nikaambiwa ni kaakaa laini limelegea na kimeo ni kirefu, vikatwe. Nikaingia. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi, daktari aliniangalia mdomoni na kitochi dakika mbili basi. Wazee wetu kule nyumbani walikuwa wanakata kimeo cha mtoto akikohoa sana, mimi nikajiambia ni ile ile tu imevaa koti jeupe. Maumivu ya kumeza wiki mbili usiseme, na kwa mwezi mzima chai ikipita vibaya inatokea puani. Lakini kukoroma kulipungua! Bibi akafurahi, mimi nikafurahi, tukarudi kulala chumba kimoja.

Kumbe ndiyo ilikuwa hatari yenyewe. Kelele ilikuwa ya kaakaa, pumzi ilikuwa inazibwa kwingine, chini zaidi, nyuma ya ulimi. Tulinyamazisha king'ora moto ukaendelea kuwaka. Nikaendelea kusinzia, presha juu, na sasa hata bibi hakuwa anasikia kitu cha kumfanya aniamshe. Hiyo oparesheni ipo tangu 1981 na kuna watu inawafaa, wenye tonsili kubwa kwa mfano, mimi sikuwa mmoja wao na hakuna aliyeangalia.

Miaka miwili baadaye daktari wa kifua ndiye alinipa kipimo. Unapewa kamashini unaenda nacho nyumbani, mkanda kifuani, mrija puani, kitu cha kubana kidole kinasoma oksijeni, unalala navyo asubuhi unarudisha. Kinahesabu pumzi imesimama ama imepungua sana mara ngapi kwa saa, na kusimama kunahesabiwa kuanzia sekunde 10. Hiyo hesabu inaitwa AHI. Chini ya 5 kwa mtu mzima ni sawa, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni ya kati, kupita 30 ni kali. Mimi nilikuwa 47. Arobaini na saba kwa saa dada, na oksijeni ilishuka mpaka asilimia 71. Daktari aliniambia kile cha nyumbani kinaweza hata kupunguza hesabu, manake hakisomi mawimbi ya ubongo kwa hivyo hakijui ulilala masaa mangapi hasa, ukikaa macho masaa mawili ukiangalia dari kinagawa na hizo pia. Ndiyo maana kikitoka sawa na dalili ziko usikubali yaishe hapo, unaenda kile cha kulala hospitali na waya kichwani.

Kwanza nilipewa mashini ya CPAP, ile ya kupuliza hewa na maski puani. Hiyo ndiyo tiba wanayoanza nayo kote duniani na mzee wako pia huenda akaanzia hapo, ilibuniwa Australia na daktari anaitwa Colin Sullivan, akaitangaza 1981 pia. Siku nilizoivaa vizuri niliamka mtu mpya, huo ni ukweli, usiku wa kwanza nililala masaa sita bila kuamka kwenda chooni nikafikiri nimekufa. Shida ni kuivaa. Presha ya hewa niliyowekewa kwa mashini ilikuwa juu, tumbo linajaa hewa, ngozi ya pua inachubuka, na kile kipande cha kaakaa kilichokatwa kilifanya hewa itorokee mdomoni, hiyo nayo ni zawadi ya ile oparesheni ya kwanza. Halafu stima. Sisi tunakaa mtaa wa stima kupotea saa nane usiku, unaamka umefungwa maski isiyopuliza kitu. Na nikiwa safari nalala ndani ya lori. Wanataka uivae angalau saa nne kwa usiku, siku nyingi za wiki, mimi kadi yake ikisomwa ilikuwa inaonyesha saa moja na nusu. Nilipambana nayo miezi minane, sikuitupa wiki ya kwanza kama watu wengine hapa wanavyojisifu.

Ndipo nikatumwa kwa daktari wa upasuaji wa taya na uso. Huyu mama hata kabla sijafungua mdomo aliniuliza, "Hilo kovu chini ya kidevu ulilipata wapi?" Nikashangaa. Nilianguka kwa mwembe nikiwa na miaka 6, nikatua na kidevu, nikashonwa na mshono watu wakasahau. Akanieleza mtoto akigonga kidevu hivyo, kifundo cha taya karibu na sikio kinaweza kuvunjika bila mtu kujua, na hapo ndipo taya la chini hukulia, kwa hivyo likabaki dogo uso mwingine ukaendelea. Shuleni walikuwa wananiita Kasuku. Miaka thelathini natembea na jibu la ugonjwa wangu usoni na mimi nilidhani ni sura tu. Taya likiwa nyuma ulimi nao uko nyuma, ukilala chali misuli ikilegea unaziba bomba. Hata ukonde namna gani.

Akanipiga eksrei ya upande ya kichwa chote akaweka mistari na kupima. Kuna pembe inaonyesha taya la chini liko wapi ukilinganisha na fuvu, kawaida iko kama digrii 80, yangu 71. Nafasi ya hewa nyuma ya ulimi kawaida ni kama milimita 11, yangu 4. Akasema picha ya mtu akiwa macho haitoshi, tukafanya ile ya kulalishwa kidogo na dawa halafu kamera nyembamba inapita puani wanaangalia koo linaziba wapi ukiwa unakoroma. Nilionyeshwa video baadaye. Ulimi unaanguka nyuma na kuta za pembeni zinakutana kama pazia, halafu mkono wa daktari unavuta taya langu mbele na paa, kote kunafunguka. Hiyo video niliiangalia mara kumi. Hakuna mtu alihitaji kunishawishi tena.

Kabla ya kisu alinijaribisha kifaa cha meno, kama gadi mbili za kuvalia meno, ya juu na ya chini, zinavutana zinasukuma taya mbele ukilala. AHI ikashuka mpaka 24. Haikutosha lakini ilionyesha njia ndiyo hiyo, na mtu wa AHI 15 au 20 anaweza kubaki na hicho kifaa maisha yake na asipasuliwe kabisa. Meno yake yawe mazima tu, ya kushikilia.

Sasa oparesheni yenyewe. Wanasogeza mataya yote mawili mbele. La juu wanalikata juu ya mizizi ya meno chini ya pua, la chini wanalipasua kwa urefu pande zote mbili huko nyuma ya magego, vipande vinateleza kimoja juu ya kingine, halafu vinafungwa na vyuma vya titani na skrubu. Yote kwa ndani ya mdomo, usoni sina kovu hata moja ila lile la mwembe. Kawaida husogeza kama milimita 10. Lakini hapa kuna jambo la sisi watu weusi na daktari alinichorea kwa karatasi: wengi wetu midomo na meno yameshatokeza mbele kiasili, ukilisukuma la juu milimita 10 utapumua vizuri ila sura itakuwa ya mtu mwingine. Kwa hivyo la juu likaenda 5 na kuzungushwa kidogo, la chini likaenda 12. Ukienda kwa daktari wa taya muulize hilo swali, akikuangalia kama hajaelewa tafuta mwingine.

Kabla ya hapo nilivaa waya za meno miezi 14, na usishangae meno yanazidi kuonekana mabaya, manake yalikuwa yameinama kuficha tofauti ya mataya na sasa yananyooshwa yaonyeshe ukweli. Bima wakasema ni urembo hawalipi. Nilirudi na ripoti ya AHI 47 na picha, tukavutana miezi mitatu, wakalipa sehemu, nyingine niliuza kipande cha shamba, hayo yaachwe.

Masaa matano kwa meza ya upasuaji. Usiku wa kwanza nililala chumba cha uangalizi, manake mtu wa huu ugonjwa akipewa dawa kali za maumivu na koo limevimba anaweza kusahau kupumua. Uso ulivimba siku ya tatu nikawa kama tikiti maji, mtoto wangu alikataa kunisogelea. Taya lilifungwa na rababendi, mkasi ukiwekwa kando ya kitanda masaa yote ili nikitapika zikatwe haraka. Wiki sita ni vitu vya kunywa na vya kuponda, uji, maziwa lala, supu ya mifupa iliyochujwa, bibi alisaga hata githeri kwenye blenda, usijaribu. Kupenga pua marufuku wiki kadhaa. Nilipoteza kilo 9 ambazo sikuwa nazo.

Miezi sita baadaye nikapimwa tena. AHI 6. Oksijeni haikushuka chini ya asilimia 89. Dawa ya presha ni moja sasa. Nisikudanganye, mdomo wa chini upande wa kushoto na kidevu bado vimekufa ganzi mpaka leo, huo mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa wanaoupasua na hiyo ganzi ndiyo malipo ya kawaida, chapati ikinibaki mdomoni naambiwa na watu. Na 6 si sifuri. Watu kama 85 kati ya 100 wanaofanyiwa hii oparesheni, AHI yao inashuka nusu au zaidi na kuingia chini ya 20, lakini wa kushuka chini ya 5 kabisa ni kama 40 hivi.

Turudi kwa mzee wako. Umesema ana kilo 118 na shingo inavaa kola ya inchi 17 na nusu, hiyo ni kama sentimita 44, wanaanza kushtuka ikipita 40. Huenda yake si taya kabisa ni mafuta ya shingo na ulimi, ama ni vyote. Kwake uzito utasaidia ambapo kwangu haukuwa na kazi. Mashini ajaribu kwa nia, na mtafute betri ya kuiwashia stima ikipotea, mimi nilijua hilo nikiwa nimechelewa. Leo usiku mrekodi video akiwa amelala chali, dakika kumi tu, uhesabu kimya kinachukua sekunde ngapi kabla hajashtuka, uende nayo kwa daktari wa kifua ama wa pua na koo na uitishe kipimo cha usingizi kwa jina. Alale ubavu kwa sasa, pombe ya jioni aache, na tafadhali asiendeshe gari akijisikia mzito, hilo naongea kama dereva.

Kuhusu dipositi, kama hajalipa asilipe. Kama ameshalipa muende mkadai AHI yake ni ngapi. Mimi nilipouliza hivyo baadaye pale nilipokatwa kaakaa, aliyekuwa kwa dawati aliniuliza AHI ni nini.