Wasomaji Wauliza: Hajime Moriyasu, kiungo mkabaji aliyegeuka kocha

SWALI: Kabla ya ukocha, Moriyasu, aliyeiongoza Japani Kombe la Dunia 2022, alikuwa mchezaji wa aina gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kiungo mkabaji. Alizaliwa 1968, akakulia Nagasaki, na mwaka 1987 akajiunga na timu ya kampuni ya Mazda mjini Hiroshima, ambayo baadaye ikawa Sanfrecce Hiroshima. Hakusifika kwa mbio wala chenga. Kazi yake ilikuwa kusoma pasi ya adui mapema na kuukata mpira mbele ya mabeki. Mholanzi Hans Ooft, aliyemfundisha Mazda, ndiye aliyemwita timu ya taifa mwaka 1992, na mwaka huohuo Japani ikatwaa Kombe la Asia palepale Hiroshima. Aliichezea Japani mechi 35, akafunga bao 1, akatundika daruga akiwa Vegalta Sendai.

SWALI: Doha 1993 kulitokea nini hasa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tarehe 28 Oktoba 1993 Japani ilihitaji ushindi dhidi ya Iraki ili iende Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Iliongoza 2-1 hadi dakika za nyongeza, Moriyasu akiwa uwanjani. Iraki walipata kona, wakaicheza fupi, ikapigwa krosi, na Jaffar Omran akasawazisha kwa kichwa. Zilizofuzu ni Saudi Arabia na Korea Kusini.

Kona fupi hudhuru kwa sababu macho yote yamo ndani ya boksi na anayetoka kumfuata mpigaji ni mmoja tu, naye hupitwa. Watoke wawili: wa kwanza azuie mguu wa krosi, wa pili asimame nyuma yake kidogo upande wa goli. Na kabla ya hapo, timu inayoongoza ikipata mpira dakika ya 89 iupeleke kibenderani na kuuficha, isikimbilie bao la tatu.

SWALI: Ni kweli aliwahi kuifunga TP Mazembe? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Kweli, akiwa kocha wa Sanfrecce, na kwa mabao 3-0. Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Osaka, Desemba 2015. Mazembe walikuja wakiwa mabingwa wa Afrika, kikosini wakiwa na Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Bao la tatu lilifungwa na kijana Takuma Asano; lishike jina hilo. Sanfrecce walimaliza wa tatu. Moriyasu aliichukua timu hiyo mwaka 2012, akatwaa ubingwa wa ligi 2012, 2013 na 2015 kwa mfumo wa 3-4-2-1 (mabeki watatu, viungo wanne, wawili nyuma ya mshambuliaji mmoja) aliourithi kwa kocha aliyemtangulia, Mihailo Petrović.

SWALI: Nafundisha vijana. Alibadilisha nini mapumziko dhidi ya Ujerumani, Kombe la Dunia 2022? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kipindi cha kwanza Japani ilicheza na mabeki wanne, na Ujerumani ilikuwa ikipandisha watu watano mbele. Wanne hawawezi kukaba watano walioenea uwanja mzima: kila mara beki wao David Raum alikuwa peke yake kushoto, na ndiye aliyeangushwa ikawa penalti ya Gündoğan.

Mapumziko akamtoa winga Kubo, akamwingiza beki Tomiyasu. Sasa walikuwa mabeki watatu wa kati na wawili wa pembeni, kila Mjerumani ana mtu wake. Alipokwisha kuziba, ndipo akaongeza washambuliaji: dakika ya 57 Mitoma na Asano, ya 71 Doan, ya 75 Minamino. Mitoma alimpasia Minamino, kipa Neuer akapangua, Doan akafunga. Dakika ya 83 Asano akapokea mpira mrefu wa Itakura na kufunga la pili. Watu husifu ujasiri wa mabadiliko yale. Mimi nasifu mpangilio wake, kwamba beki alitangulia.

Ukijaribu kwa vijana wako, tatizo la kwanza litakuwa mgongoni mwa beki wa pembeni aliyepanda. Beki wa kati wa upande ule atoke kuziba, na wawili waliobaki wasogee naye papo hapo. Wakichelewa, katikati panafunguka. La pili: beki wa pembeni wa upande wa pili ashuke mpira unapohamia mbali naye. Fanyeni kwa kutembea kwanza, bila mpinzani.

SWALI: Mbona basi walifungwa na Costa Rica? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Alibadilisha wachezaji watano wa kikosi cha kwanza, na Costa Rica walikaa nyuma. Ile silaha ya kushambulia kwa kushtukiza haikuwa na nafasi ya kukimbilia. Dakika ya 81 Japani ilishindwa kuondoa mpira golini kwake, Keysher Fuller akafunga. Hispania, waliokuja juu na kumiliki mpira zaidi ya asilimia 75, walifungwa 2-1.

Kwa Croatia, hatua ya 16 bora, walitoka kwa matuta 3-1. Moriyasu aliwaacha wachezaji wajitolee kupiga, na kipa wa Croatia, Livaković, akaokoa matatu. Hapo sikubaliani naye. Orodha ya wapigaji ipangwe siku moja kabla, kila mmoja akijua zamu yake na upande atakaopiga.