Kwa mpwa wangu anayetaka kuuza kiwanja aje Uingereza

Mpwa wangu, swali lako nimelisoma tangu Ijumaa. Nimechelewa kulijibu kwa sababu maneno ya shangazi yako kwenye kundi la familia yaliniudhi, nikaona nikiandika siku ile nitakosa adabu. Umeuliza kama uuze kile kiwanja cha Utange ulipe karo ya uzamili wa ergonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi imfae mwili wa mtu, na usalama kazini, ufuate njia yangu. Shangazi akakwambia uza haraka, ati mjomba wako hulipwa pauni kwa kukaa kitini akitazama watu wakifanya kazi. Wengi wakamuunga mkono, mama akiwemo.

Baridi na upweke mshaambiwa na kila aliyesafiri. Mimi nitakwambia nililowaficha.

Pesa ya mabati ya nyumba ya mama haikutoka chuoni. Ile ya Idi pia haikutoka chuoni. Posho ya utafiti huishia kwenye kodi ya chumba na nauli. Pesa zile zimetoka godauni. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, nami nafanya 18: siku tatu, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Navaa skana kwenye kifundo cha mkono, inanielekeza rafu gani, kreti gani, nikikawia inalia. Rafu ya chini iko usawa wa vifundo vya miguu, ya juu inanipita kichwa. Nainama, nainua, nageuka, naweka kwenye troli. Kisha nyingine.

Na mchana mimi ndiye mwenye kujua hesabu yake. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa kanuni mwaka 1991: kilo 23 ndio mwisho wa kuinua, tena kama mzigo uko karibu na mwili, kimo cha sentimita 75 hivi kutoka chini, na mtu hajipindi. Ukiushika nusu mita mbele yako, kilo 23 zinakuwa 11 na nusu. Ukijipinda, zinapungua. Ukirudia rudia kila dakika, zinapungua tena. Kuna siku niliwafundisha wanafunzi hesabu hii asubuhi, usiku nikaenda kuinua kreti ambazo sikutaka kuzipigia hesabu.

Siku ya kwanza pale godauni tulionyeshwa video: kunja magoti, nyoosha mgongo, kumbatia mzigo. Tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja zimeonyesha kwamba mafunzo ya aina hiyo peke yake hayazuii maumivu ya mgongo. Fani yetu nzima imesimama juu ya neno moja, kazi ibadilishwe imfae mtu, si mtu apindwe afae kazi. Nilijua hivyo, na nikatia sahihi kwamba nimefundishwa.

Sasa lile linaloniuma hasa. Nilipokuja nyumbani mwaka jana mlidhani ni likizo. Mchana kutwa nilikuwa kwenye masoko yetu ya Mombasa, Marikiti na Kongowea, na dodoso mkononi, nikiwahoji mahamali. Dodoso lile walilitunga watafiti wa nchi za Nordic, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1987. Linagawa mwili sehemu 9, linauliza kama umeumwa katika miezi 12 iliyopita, kisha siku 7 zilizopita. Kulileta kwa Kiswahili kulinitoa jasho, maana sisi tukisema mkono tunachukua kuanzia begani mpaka vidoleni, na mguu ni vivyo hivyo. Mwisho nilichora mtu kwenye karatasi, nikawa nawaambia wanioneshe kwa kidole.

Kuna mzee mmoja Marikiti aliyebeba pamoja na marehemu babu yako, enzi wakipandisha magunia ya mahindi ya kilo 90. Alikuwa amekalia kipini cha mkokoteni, kata ya khanga kuukuu iko begani bado. Nikamuuliza kiuno. Akasema hakimuumi. Nikamuuliza tena, pengine hakunisikia. Akasema, "Kuumwa ni kulala ukashindwa kutoka. Hii ni kazi tu." Alipotaka kuinuka alishika ubavu wa mkokoteni kwa mikono miwili, akatulia hivyo, amejikunja, kwa muda wa kuhesabu mpaka sita au saba. Halafu akanyooka taratibu, akaenda zake. Nami nikaandika "la", kwa sababu ndilo jibu alilonipa. Katika jedwali langu mzee yule ni mzima.

Niliporudi huku, wakala wa kazi alitugawia fomu ya afya. Una maumivu ya mgongo? Wiki ile nilikuwa nalala sakafuni kwa kuwa godoro silivumilii. Nikatia alama kwenye "la". Ukijibu "ndiyo", wiki inayofuata hupigiwi simu. Nilikaa na ile kalamu nikamkumbuka mzee, nikaona aibu iliyonishinda.

Kwa hiyo usiuze kiwanja. Nakuomba, usiuze. Ardhi ikishatoka hairudi. Tangu Januari 2024 anayekuja kusoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mke wala watoto, na ada ya matibabu ya pauni 776 kwa kila mwaka utaitoa pamoja na ombi la viza, kabla hujapanda ndege. Ukija kwa pesa ya kiwanja, godauni litakumeza mwezi wa kwanza.

Lakini njoo. Tafuta ufadhili kamili, hata ikikuchukua miaka mitatu, uje. Kwa nini nasema hivyo? Ile kanuni ya kilo 23 imetungwa kwa mtu anayeinua kwa mikono miwili akiwa amesimama mahali pamoja. Haimjui anayebeba begani, wala anayevuta mkokoteni kwenye mteremko wa feri ya Likoni huku matatu zikimpigia honi. Sheria yetu ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoweza kumuumiza, na ni sheria nzuri, ila hamali analipwa kwa gunia. Mwajiri wake ni nani? Hayo hatatuandikia mtu wa huku. Ni wewe na mimi.

Ila ukija, usifanye nilivyofanya. Makala niliyoiandika kutokana na migongo ya watu wa Marikiti husomwa kwa kulipia, na kwa Kiingereza. Wale walionipa saa zao, wengine wameacha tripu wakae nami, sijawapelekea hata karatasi moja. Naiandika sasa, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na ule mchoro wa mtu. Nikiimaliza nitakutumia uichapishe, uwasomee wewe mwenyewe pale pale wanapopumzikia.

Kabla ya hapo nifanyie hili. Chukua futi ya fundi cherehani, nenda Marikiti asubuhi kabla hawajashughulika, umuombe ruhusa yule mzee na wenzake. Pima kila mkokoteni kutoka chini mpaka kwenye kipini ukiwa umeinuliwa tayari kuvutwa, kisha kimo cha anayeuvuta, kutoka chini hadi kiwiko. Andika kwa sentimita. Na ukimuuliza mtu kama anaumwa, akisema haumwi, mtazame anavyoinuka, nalo uliandike.

Habari za godauni usimpe mama. Nitampigia Jumapili baada ya adhuhuri nimwambie mwenyewe.