Maswali ya Wasomaji: Madirisha ya namna tatu katika ukuta mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi mwashi wa Isevya, hapa Tabora, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Mpwa wangu anayesoma Durham, Uingereza, amenitumia picha za kanisa la kale la kijiji cha Escomb. Naona dirisha dogo lililo juu, jingine jembamba lenye ncha, na jingine kubwa kuliko yote. Jiwe moja lina herufi zilizopinduka. Je, mafundi wale walikuwa wanabahatisha? Na ukuta kama huo ukichakaa, hukarabatiwa kwa saruji?

JIBU: Fundi wetu, hawakubahatisha hata kidogo. Kanisa hilo lilijengwa karne ya 7, kati ya mwaka 670 na 690 kwa makadirio ya wataalamu, na vizazi vilivyosali humo baadaye viliendelea kulitoboa, kuliongeza na kulitengeneza kadiri ya mahitaji na uwezo wao. Madirisha madogo yaliyo karibu na paa ndiyo ya mafundi wa kwanza: tundu lilifanywa dogo kwa nje ili baridi isiingie, kisha likapanuliwa kwa ndani ili mwanga ule mchache usambae. Yenye ncha yalitobolewa mamia ya miaka baadaye, na yale makubwa yakaongezwa karne ya 19.

Herufi zilizopinduka ndizo zinazonigusa kuliko yote. Mawe mengi ya Escomb yalichukuliwa kutoka ngome ya Warumi ya Binchester, iliyo kilomita chache tu kutoka hapo, ambayo majeshi ya Roma yalikuwa yameiacha zaidi ya miaka 200 kabla. Katika ukuta wa kaskazini lipo jiwe lililochongwa LEG VI, yaani Legioni ya Sita, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, na fundi amelipanga kichwa chini. Alichotafuta ni uso ulionyooka na kimo kinacholingana na mstari wake. Maandishi ya askari hayakumhusu. Nawe ukibomoa nyumba chakavu hulichagua tofali lililo zima na kuligeuzia nje upande wake mzuri, bila kuuliza lilitoka chumba gani.

Umwombe mpwa wako picha ya karibu ya tao linalotenga ukumbi wa waumini na sehemu ya altare. Katika miimo yake, yaani nguzo za pande mbili zinazolibeba tao, utaona jiwe refu lililosimamishwa, juu yake jiwe la kulala linaloingia ndani ya ukuta, kisha la kusimama tena, hivyo hivyo hadi tao linapoanzia. Jiwe la kulala ndilo linaloufunga mwimo na ukuta. Kwa maoni yangu, kazi hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba waliojenga hapo walikuwa na timazi, subira na akili ya kazi, maana ukumbi ule una upana usiofika mita 5 na bado kuta zake zimepanda karibu mita 7 na zimesimama hadi leo.

Kuhusu ncha, sababu ni ya kifundi. Kimo cha tao la nusu duara huamuliwa na upana wake: ukilipanua kwa mita moja, kilele hupanda kwa nusu mita, utake usitake. Tao la ncha humwachia fundi nafasi ya kupanda juu bila kupanua, na tena husukuma kuta pembeni kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana matao mazito ya duara yalienea Uingereza baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia mwaka 1066, lakini tangu mwishoni mwa karne ya 12 yale ya ncha yakashika nafasi. Ukiyakuta yote katika kanisa moja la kijiji, mara nyingi unaona mahali fedha zilipopatikana na mahali zilipokwisha. Kwa desturi ya huko, matengenezo ya sehemu ya altare yalikuwa juu ya paroko aliyepokea zaka, na ya ukumbi juu ya waumini, hivyo upande mmoja uliweza kujengwa upya huku mwingine ukibaki wa kale.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na huruhusu unyevu utoke kupitia mishono. Saruji ya kisasa, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, ni ngumu na huufungia unyevu ndani. Maji yakikosa njia hutokea kwenye jiwe lenyewe, na uso wake hubanduka. Hapa Tabora nimeona kuta za udongo zilizopigwa lipu ya saruji kwa nia njema kabisa, na baada ya masika machache lipu ikaanguka vipande vipande pamoja na ngozi ya ukuta. Iliniuma, kwa sababu ukuta ulikuwa mzima kabla ya kutengenezwa. Ukipewa kazi ya jengo la kale, kwangua mshono kwa msumari kabla ya kununua chochote. Ukitoa unga mweupe laini, hiyo ni chokaa, na kiraka chako nacho kiwe cha chokaa, kisicho kigumu kuliko jiwe linalokizunguka.