Mwalimu, nimetoa mifano mitatu na bado nimepata sifuri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma fomu two, niko Tanga. Hesabu za kukokotoa nazipiga vizuri tu ila likija swali la "thibitisha" naishiwa kabisa. Juzi kwenye testi tuliambiwa tuthibitishe kwamba witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa, nikaandika 3 + 5 = 8, 7 + 9 = 16, 11 + 13 = 24, nikakusanya pepa nikijua maksi zote 4 ni zangu, imerudi sifuri! Kwenye grupu la watsap wakanirushia jibu nikalikopi, lakini hizo herufi sijui zimetoka wapi. Naomba nisaidie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hesabu zako zote tatu ziko sawa, hujakosea kujumlisha, shida ni kwamba uliulizwa kuhusu witiri zote na we umejibia jozi tatu tu. Mifano inadanganya sana. Chukua n² − n + 41, ambayo mwanahisabati Euler aliiandika mwaka 1772, ukiweka n = 1 unapata 41, ukiweka 2 unapata 43, ukiweka 3 unapata 47, zote namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, na itaenda hivyohivyo mpaka n = 40, yaani mifano 40 mfululizo haijakwama hata mmoja! Weka 41 sasa: 41² − 41 + 41, inabaki 41 × 41, hiyo sio tasa tena. Kama 40 haikutosha, 3 itatosha wapi?

Sasa herufi. Chukua machungwa 7 uyapange mawili mawili mezani, utapata jozi 3 na moja linabaki peke yake. Witiri ndo hivyo siku zote, jozi kadhaa na moja la ziada, kwa hiyo tunaandika 2k + 1, hiyo k ni idadi ya jozi zako tu, haina uchawi wowote. Rafiki yako naye ana machungwa yake, witiri pia, ila nani kasema jozi zake zilingane na zako? Ndo maana yeye tunampa herufi nyingine, 2m + 1. Hapa wanafunzi wengi sana wanaangukia, wanaandika 2k + 1 mara mbili, kumbe hapo wamethibitisha 3 + 3 na 7 + 7 tu, ile 3 + 5 yako haimo.

Changanyeni machungwa: 2k + 1 + 2m + 1 = 2k + 2m + 2 = 2(k + m + 1). Umeona ile moja yako iliyobaki na moja yake zimekutana zikawa jozi mpya? Basi hakuna linalobaki, k + m + 1 ni namba nzima, na 2 mara namba nzima ni shufwa. Mstari huo wa mwisho uandike kwa maneno, usiuache kichwani, msahihishaji anautafuta.

Kuhusu grupu, usiache kuuliza, ila ukituma picha ya swali peke yake utarushiwa jibu tu na kesho uko palepale, tuma na daftari lako mpaka mstari uliokwamia useme "hapa nimetoka hapa nikashindwa kwenda pale", hata mwalimu wako wa darasani ukimfuata na mstari mmoja uliokwama dakika tano za mapumziko zinatosha. Na zile "thibitisha" za sin na cos mtakazokutana nazo mbele, anza na upande mmoja, ule mzito, uusukume mpaka ufanane na wa pili.

Jaribu hii bila kumuuliza mtu: witiri mara witiri ni witiri. Anza na (2k + 1)(2m + 1), fungua mabano, ukiona 4km + 2k + 2m + 1 umebakiza mstari mmoja. Nitumie daftari, hata likiwa limekwama.