Mnada wa Lenzi Hufungwa na Saa

SWALI: Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Mombasa na ninatumia kamera ya Nikon D5300. Natafuta lenzi ya mtumba ya milimita 85 kwenye eBay, soko la mtandaoni, lakini nimeshiriki minada minne na yote nimepitwa katika sekunde za mwisho. Sasa nimeiona moja iliyoandikwa AF 85mm f/1.8D ambayo bei yake iko chini sana. Nifanye nini ili safari hii nisishindwe?

JIBU: Ukishindwa safari hii itakuwa heri kwako. D5300 haina mota ya kulenga ndani ya bodi, na lenzi za Nikon za aina hiyo, zilizoandikwa AF bila herufi S, huitegemea mota ya kamera. Ukiifunga kwenye kamera yako itapiga picha, ila itakubidi uzungushe pete kwa mkono, na sidhani bibi harusi anayeingia ukumbini atasimama akungoje. Lenzi inayokufaa ni AF-S 85mm f/1.8G iliyotoka mwaka 2012. Hiyo ya D mwachie mwenye kamera yenye mota, kama D7200 au D750.

Kuhusu kupitwa, nadhani unapandisha bei kama wanunuzi wa samaki. Kwenye mnada wa samaki mnadi huendelea kuita hadi watu wanyamaze, lakini mnada wa eBay hufungwa na saa, iwe kuna mtu bado anataka kuongeza au hakuna. Anayepandisha dola moja moja tangu siku ya kwanza huwa anawapandishia wenzake bei, kisha hupigwa kumbo na mtu aliyekuwa amekaa kimya. Mtambo wenyewe hukuruhusu kuweka kiwango chako cha juu kabisa kwa siri: ukiweka dola 90 na mpinzani wako akakomea dola 61, utalipa dola 62 tu. Kwa hiyo weka dau moja, katika dakika ya mwisho, kisha ondoka kwenye skrini.

Kiwango hicho usikipate kwa kubahatisha. Chuja matokeo ya utafutaji yabaki ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, kwa kuwa bei anayoitaka muuzaji ni ndoto yake, ilhali bei iliyolipwa ndiyo ya soko. Kisha toa gharama za kufikisha mzigo, ukikumbuka kwamba VAT ya Kenya ya asilimia 16 haikokotolewi kwa bei ya lenzi pekee, bali kwa bei pamoja na usafiri, bima na ushuru wa forodha. Kinachobaki baada ya kutoa yote hayo ndicho dau lako, hata kama ni kidogo hadi kinatia aibu.

Soma maelezo neno kwa neno. Niliwahi kununua lenzi ambayo muuzaji aliandika kwamba "haijajaribiwa", nikajiona mjanja. Ilipofika, vipande vya tundu lake la kupitishia mwanga vilikuwa vimeganda kwa mafuta, na fundi akanidai karibu sawa na bei niliyoinunulia. Mwombe muuzaji picha ya lenzi ikiwa imemulikwa kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na kwa unyevu wa pwani yetu haitapungua ikifika kwako. Jambo la mwisho: dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha, ambayo kwa kawaida ni ya siku 30, hupotea mzigo ukipokelewa na wakala wako London kisha akausafirisha tena. Ni bora umlipe zaidi muuzaji anayetuma moja kwa moja hadi Mombasa.

SWALI: Muuzaji wa D750 anasema kamera yake "haikutumika sana". Nitajuaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kauli hiyo haina kipimo. Shata ya D750, yaani pazia linalofunguka kila unapopiga picha, ilipimwa na Nikon kwa mafyatuo 150,000, na idadi ya mafyatuo huhifadhiwa ndani ya faili la kila picha. Mwombe muuzaji aisome kwa programu kutoka kwenye picha aliyoipiga leo, kisha aiandike katika maelezo ya mnada wenyewe, maana kilichoandikwa hapo ndicho unachoweza kumdai. Akikataa, zipo D750 nyingine nyingi.