Ofa ya gemu za zamani: ununue zipi na uache zipi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ununue kikapu chote (Doom, SimCity 2000, Monkey Island mbili za mwanzo, Heroes of Might and Magic III, na gemu nyingine za enzi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) kabla ofa haijafungwa. La pili, kama ukizicheza leo utapata raha ileile ya zamani. Nimekua na gemu hizi, na nimekuwa nikizinunua upya mtandaoni kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Tuanze na ile saa ya dukani inayohesabu kurudi nyuma hadi ofa ifungwe. Ikifika sifuri ofa itaisha kweli, hilo halina ubishi. Ila gemu ya mwaka 1993 ikishawahi kushuka bei kwa asilimia 75, itashuka tena, na mara nyingi hutasubiri zaidi ya miezi michache. Steam, duka la gemu mtandaoni, ina ofa kubwa kila msimu wa mwaka, GOG, duka jingine, nayo ina zake, na katikati hapo wachapishaji hupunguza bei za gemu zao wenyewe. Nenda kwenye tovuti ya SteamDB au IsThereAnyDeal, tafuta gemu unayoitaka, utaona mchoro wa bei zake za miaka yote. Kwa gemu kongwe mchoro huo unafanana na meno ya msumeno: bei inapanda hadi kamili, inashuka palepale iliposhuka mara iliyopita, inapanda tena. Tazama bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa. Kama ofa ya leo imefika hapo na gemu unaitaka, nunua kwa amani. Kama haijafika hapo, iache, itakuja.

Hii hofu ya kupitwa tuliyo nayo wengi ilipandwa zamani. Wa siku nyingi mtakumbuka Steam ilivyokuwa: ndani ya ofa kubwa kulikuwa na ofa za saa chache tu, gemu inashuka zaidi kisha inarudi juu, na kama wakati huo ulikuwa umelala, imekupita. Watu walipanga usingizi kwa ratiba ya duka. Mtindo huo uliondolewa mwishoni mwa 2015, mwaka uleule Steam ilipoanza kumrudishia fedha anayeomba ndani ya siku 14 tangu anunue, akiwa amecheza chini ya saa 2. Na kweli, mtu akiweza kurudisha gemu na kuinunua tena ikishuka zaidi, ofa ya ghafla inabaki na kazi gani? Tangu hapo bei ya siku ya kwanza ya ofa kubwa kwa kawaida ndiyo ya siku ya mwisho. Usikimbie.

Kuna kitu kingine kinachoweza kukunyima gemu ya zamani, nacho hakina saa wala tangazo kubwa: haki za umiliki. Fallout ya kwanza na ya pili ziliondolewa GOG mwishoni mwa 2013, haki zilipohamia kampuni ya Bethesda, zikarudi 2015. Warcraft mbili za mwanzo ziliondolewa GOG Desemba 2024. Waliokuwa wamezinunua walibaki nazo, wengine wakaishia kusimuliwa. Gemu ya mwaka 2000 iitwayo No One Lives Forever ilishindwa kabisa kuingia kwenye maduka haya kwa miaka mingi, kwa sababu kampuni zilizoigusa zilinunuana na kugawana haki hadi ikawa vigumu kusema ni nani mwenye ruhusa ya kuiuza. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizowahi kutolewa sokoni Marekani haziuzwi tena kwa njia ya kawaida. Asilimia 87! Tunaposema tumebahatika kuzipata gemu za utotoni mwetu, tunazungumzia lile fungu dogo lililosalia.

Kwa hiyo kama kikapuni kuna gemu ambayo kampuni iliyoitengeneza ilikufa na haki zake zimepita mikono mingi, au inayotumia magari ya kampuni halisi, wahusika wa filamu au muziki wa watu wengine, iweke mbele. Leseni za namna hiyo huwa na mwisho. Doom haiendi popote, mwenyewe yupo na anaitunza.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Ukumbuke tulivyokuwa tunazicheza. Kaka yangu alikuwa na daftari ambalo kila gemu ilikuwa na ukurasa wake wa namba za kuielekeza ilipo kadi ya sauti: Sound Blaster, anwani 220, IRQ 5, DMA 1. Ukikosea namba moja, gemu inafunguka kimya kama mazishi au mashine inaganda kabisa. Halafu kulikuwa na ile kumbukumbu ya KB 640. Hata mashine ikiwa na MB 8, gemu ilitaka nafasi yake ndani ya zile 640 za mwanzo, na ikikosa kidogo tu inakataa. Unafungua CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili ambayo mashine huyasoma inapowaka, unamtoa dereva (programu ya kuendeshea kifaa) wa kipanya, unamhamishia wa CD sehemu ya juu, unawasha upya, unajaribu. Muziki wa mwanzo ukilia, nyumba nzima inajua. Tulijifunza kompyuta hivyo, bila mwalimu, kwa sababu tulitaka kucheza. Raha hiyo duka halikuuzii, na sioni haya kusema naikosa. Unayonunua leo imeshafungashwa pamoja na DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, unabofya inafunguka. Nashukuru kwa hilo, lakini ni kitu kingine.

Kinachonirudisha mimi kwenye gemu hizi ni sehemu ambazo hatukuwahi kuziona. Fikiria Doom. Ilipotoka Desemba 1993, sehemu ya kwanza yenye levo 9 ilitolewa bure na kuruhusiwa kunakiliwa, na aliyetaka zilizobaki alipe. Diski zikasambaa duniani kote. Wengi wetu tulizijua zile levo 9 hadi milango ya siri, lakini sehemu ya pili na ya tatu tulizisikia kwa watu. Nilipozifikia ukubwani nilikaa mbele ya skrini kama mtoto. Mikono ilijua kazi, silaha ni zilezile, na kila mlango ulikuwa mpya.

Au chukua Prince of Persia ya 1989. Baada ya levo ya kwanza, toleo la DOS lilikuingiza kwenye chumba chenye chupa nyingi, kila chupa na herufi juu yake. Gemu inakuambia fungua kitabu cha maelezo kilichouzwa nayo, ukurasa fulani, mstari fulani, neno fulani, unywe chupa yenye herufi ya kwanza ya neno hilo. Ukinywa nyingine unaumia, na ukiendelea kukosea unakufa. Ilikuwa kinga dhidi ya wanaonakili, na sisi wenye diski za kunakiliwa kitabu hatukuwa nacho. Tulibahatisha chupa mpaka tukawa tunajua kwa sauti ya kifo kwamba siyo hiyo. Kuna jamaa wa rika langu ambao gemu hiyo kwao inaishia kwenye chupa, na yule binti wa mfalme mwenye dakika 60 za kuokolewa hawajawahi kumfikia. Monkey Island ya kwanza nayo ilikuja na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia. Unazungusha uso ulingane na wa kwenye skrini, unasoma mwaka, unauandika. Bila gurudumu huingii.

Ndiyo maana nakushauri upange kikapu chako kwa kipimo hiki: ipi uliikwamia? Ile uliyoimaliza mara nyingi utaifungua, utatabasamu kwa nusu saa, utaifunga. Ile uliyonyimwa na diski mbovu, kitabu kilichokosekana, Kiingereza kilichokuwa kigumu au zamu ya mwenye mashine, hiyo ina maisha ndani yake bado. Monkey Island kwa mtoto asiyejua lugha ilikuwa picha nzuri tu. Ukiicheza sasa unagundua ilikuwa inachekesha muda wote. SimCity 2000 pia sasa unaelewa kodi, mabomba ya maji na mikopo ya jiji, vitu ambavyo zamani tulivipita ili tujenge haraka kisha tulete kimbunga.

Ukishanunua, zipe mazingira zinayostahili. Gemu nyingi za DOS zilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini skrini za wakati ule zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, hivyo kila nukta ilivutwa kwenda juu kidogo. Kwenye kioo cha leo, bila marekebisho, kila kitu kinaonekana kimekandamizwa: nyuso zinapanuka, mwezi unakuwa yai lililolala. Watu wanaona hivyo wanasema "kumbe zilikuwa mbaya hivi". Hazikuwa. Fungua faili la mipangilio la DOSBox, tafuta neno aspect, liandike true. Mwezi unarudi kuwa duara.

Kasi nayo. Baadhi ya gemu za mwanzo zilifuata kasi ya prosesa moja kwa moja, ndiyo maana mashine zetu zilikuwa na kitufe cha Turbo, ambacho kazi yake hasa ilikuwa kuipunguza mashine kasi ili gemu ya zamani ichezeke. Ndani ya DOSBox kitufe hicho ni Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 kinatoka.

Kuhusu sauti, mabingwa watakuambia uchague Roland MT-32, kifaa cha muziki cha enzi hizo, kwa sababu watunzi wengi wa wakati ule waliandika muziki wao kwa chombo hicho. Ni kweli unapendeza. Lakini kama wewe ulikulia kwenye Sound Blaster, chagua Sound Blaster. Ule mlio wa bati kidogo ndio ulioukalia usiku ule, na ndio masikio yako yanaudai. Ukishashiba nao, ndipo ujaribu Roland.

Sasa suala la umiliki, maana hapa maduka hayalingani. GOG, iliyoanzishwa 2008 na kampuni ya Poland ya CD Projekt kwa ajili ya gemu za zamani hasa, inakupa faili la kusakinishia ambalo halihitaji intaneti wala akaunti ukishalipakua. Steam inakupa leseni ya kutumia, na tangu mwishoni mwa 2024, sheria ya California kuhusu jambo hilo ikiwa inakaribia kuanza, inakuandikia hivyo wazi unapolipa. Kwa gemu mpya huenda usijali. Kwa gemu unayoitaka kwa mapenzi ya miaka thelathini, mimi nataka faili likae kwangu, kwenye diski mbili tofauti. Usiliache dukani eti utalipakua siku ukiwa na nafasi.

Na ujue kwamba kwenye gemu za namna hii mali hasa ni mafaili ya data. Msimbo wa Doom ulitolewa hadharani Desemba 1997, ndiyo maana mafaili yake ya WAD (yaliyobeba levo, picha na sauti) yanachezeka leo karibu kwenye kifaa chochote. Programu ya ScummVM, iliyoanza 2001, inafanya kazi hiyohiyo kwa Monkey Island na ndugu zake: unaielekeza kwenye folda ya data, inaendesha yenyewe, hata kwenye simu.

Kwa kikapu chako basi. Monkey Island zote mbili chukua. Matoleo mapya yanakuruhusu kurudi kwenye michoro ya zamani kwa kitufe kimoja, na mimi hukaa kwenye ya zamani. Doom chukua kama sehemu za mbele hujazifika. Tangu Agosti 2024 inauzwa pamoja na Doom II. SimCity 2000 chukua, nasema bila kusita. Heroes III kuwa makini: liko toleo la HD la 2015 ambalo halina nyongeza zake mbili, kwa kuwa msimbo wa nyongeza hizo ulipotea. Unalolitaka linaitwa Complete, lipo GOG.

Zile nyingine ambazo umesema "nilikuwa naziona tu kwa jirani" ziache kwenye orodha ya unazozitaka na uwashe taarifa za bei. Leo usiku sakinisha moja tu. Ukikwama kwenye sauti au picha, taja gemu, duka ulikonunua na toleo la DOSBox lililokuja nayo, hapa jukwaani wapo watu wengi walioshindana na IRQ enzi hizo na watakusaidia.